Mtwara hadi Kigoma kwa Ndege: Kilomita 1,307 na Saa Zisizoonekana kwenye Ramani

Viwanja viwili vya ndege viko kwenye pembe mbili za Tanzania. Kimoja kiko Mtwara, kusini-mashariki, karibu na Bahari ya Hindi na mdomo wa Mto Ruvuma. Kingine kiko Kigoma, magharibi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwalimu aliyepata uhamisho kutoka Newala kwenda Kasulu, askari anayekwenda kuripoti kituo kipya, mfanyabiashara aliyeuza korosho na sasa anatafuta mawese: wote huuliza maswali mawili. Ni kilomita ngapi? Nitafika saa ngapi? Kikokotoo cha kwenye simu hujibu yote mawili papo hapo: kilomita 1,307, muda wa saa mbili na dakika kama nane. Jibu la kwanza ni sahihi. La pili ni la ndege isiyokuwamo kwenye ratiba.

Pengo lililo kati ya majibu hayo mawili ndilo ninalotaka kulichambua. Kwa viwanja vya pembezoni, kilomita hueleza sehemu ndogo ya safari. Sehemu kubwa huamuliwa na mahali ndege inapolala, siku inazoruka, na kama ratiba ya safari moja ilipangwa kwa kuitazama ratiba ya nyingine. Tukilielewa hilo, huenda hata madai yetu kwa mashirika ya ndege yatabadilika, maana kwa sasa mengi tunayaelekeza kusikohusika.

Tuanze na kilomita, kwa kuwa hazina ubishi. Kiwanja cha Mtwara kiko nyuzi 10 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na nyuzi 40 na dakika 11 mashariki. Cha Kigoma kiko nyuzi 4 na dakika 53 kusini, na nyuzi 29 na dakika 40 mashariki. Uzi mmoja wa latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tofauti ya kaskazini na kusini ni kilomita 606. Uzi wa longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta, lakini kwa latitudo zetu upungufu huo hauzidi asilimia moja au mbili. Tofauti ya mashariki na magharibi inakuwa kilomita 1,158. Unganisha pande hizo mbili kwa kanuni ya Pythagoras, nawe utapata kilomita 1,307 na ushei. Ni hesabu ya sekondari. Rubani ataisoma kama maili za baharini 706, kila maili ikiwa mita 1,852.

Wanaopenda kutafuta kasoro watasema Dunia si tufe kamili, na ni kweli: nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kosa linaloletwa na jambo hilo haliwezi kuzidi nusu asilimia, yaani kilomita sita au saba kwa safari yetu. Wengine watakumbusha kwamba ndege hufuata duara kuu, ile njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa Dunia, ambayo kwenye ramani ya ukutani huonekana imepinda. Hilo lina uzito mkubwa kwa anayetoka London kwenda Los Angeles, ambaye hujikuta juu ya Greenland. Kwetu, karibu na ikweta, mstari wa rula na duara kuu karibu vinalingana.

Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni nchi iliyo chini ya mstari huo. Ukitoka Mtwara, unapita kaskazini ya Liwale, unaingia juu ya mapori ya Selous, unavuka bonde la Kilombero, unaupita mji wa Iringa kwa kusini kidogo, unakatiza Hifadhi ya Ruaha, unafuata miombo isiyokwisha kusini mwa Tabora, kisha unatokea jirani na Uvinza kabla ya kuliona ziwa. Ni moja ya njia nzuri za kutazama nchi kutoka juu, na pia ni moja ya njia zenye watu wachache kuliko nyingi. Tembo na viboko hawanunui tiketi. Shirika la ndege likitaka kuigawa safari hiyo kwa kutua katikati na kuchukua abiria wa ziada, halina miji mingi ya kuchagua. Hapo ndipo jiografia inapoingia kwelikweli kwenye hoja: watu waliopo chini ya mstari hawatoshi kuulipia.

Kwa hiyo abiria hupitishwa Dar es Salaam. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400 za angani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni 1,077. Jumla ni 1,477. Ukilinganisha na mstari ulionyooka, umezunguka kilomita 170, sawa na asilimia 13. Kwa Dash 8-400, ile ndege ya panga boi ambayo Watanzania waliizoea baada ya Air Tanzania kuanza kuzipokea mwaka 2016, ikienda kilomita 600 kwa saa, mzunguko huo hula dakika 17.

Dakika 17 tu. Kila nikisikia mtu analalamika kwamba anatoka kusini kwenda magharibi kwa kuzungushwa pwani, huikumbuka namba hiyo. Mzunguko wenyewe si tatizo, na ukilinganishwa na nchi kavu ni upendeleo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, na abiria wa treni ya kawaida huhesabu siku mbili. Barabara ya Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 watu walisubiri kivuko kwenye Mto Rufiji. Hata baada ya daraja na lami, Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikajikuta inautegemea uwanja wa ndege kuliko ilivyozoea. Jumla ya nchi kavu ni zaidi ya kilomita 1,800. Angani, kwa kulinganisha, tunakaribia kunyooka.

Sasa muda. Kikokotoo huchukua kilomita, hukigawa kiasi hicho kwa kasi ya jeti, kama 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Hakijui ni ndege ya aina gani inayotua wapi. Dar es Salaam hadi Mtwara ingekuwa dakika 40 kama panga boi lingeanza na kumaliza safari likiwa kwenye kasi yake kamili. Kwa kuwa linatembea kwanza ardhini, linapanda, halafu linaanza kushuka muda mfupi baada ya kufika juu, abiria hukaa kitini karibu saa nzima. Safari fupi huadhibiwa zaidi na mambo haya. Dar es Salaam hadi Kigoma bila kutua popote ni kama saa mbili, na ndege ikigusa Tabora ni zaidi. Ukijumlisha, ni saa tatu hivi za kuwa ndani ya ndege.

Kuna mwenye fedha atakayesema: nitakodi ndege ndogo, niende moja kwa moja. Afanye hesabu. Cessna Caravan, ambayo ndiyo ndege ndogo iliyozoeleka zaidi kwenye viwanja vyetu, huenda kilomita 300 na kidogo kwa saa. Kilomita 1,307 ni zaidi ya saa nne, na ikiwa imejaa watu na mizigo itabidi itue mahali kuongeza mafuta. Yaani aliyenyoosha njia atakaa hewani muda mrefu kuliko aliyezunguka Dar es Salaam. Atafika mapema kwa sababu nyingine kabisa: ndege inamsubiri yeye.

Tuseme ndege ya Mtwara inaondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, inatua saa tatu, inapakia na kuondoka saa tatu na nusu, inarejea Dar es Salaam saa nne na nusu. Tuseme ya Kigoma imeondoka Dar es Salaam saa tatu. Msafiri wetu ameikosa akiwa bado kwenye foleni ya ukaguzi Mtwara. Hakuchelewa, wala hakuna aliyemkosea. Ratiba mbili zilipangwa kila moja kwa ajili ya mtu anayeanzia Dar es Salaam. Atalala mjini, alipe chumba na teksi, kesho arudi uwanjani. Safari ya saa tatu imezidi saa 24, na kwenye hizo zote mzunguko wa njia umechangia zile dakika 17.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini mantiki yake ni ya kweli kwa nchi nyingi. Ndege hulala Dar es Salaam kwa sababu mafundi, vipuri, mafuta na marubani wa zamu wako huko. Inayolala mahali fulani huanza siku kutoka mahali hapo. Alfajiri ndege zote hutawanyika kutoka kwenye kitovu kwenda mikoani, na mchana hurudi. Mpangilio huo humfaa anayetoka kitovuni asubuhi, humfaa kiasi anayekwenda kitovuni, na humwacha peke yake anayetoka pembe moja kwenda pembe nyingine.

Kwa upande wa shirika, kitovu kina hesabu ngumu kuipinga. Nchi yenye viwanja 15 ikitaka kuviunganisha vyote moja kwa moja inahitaji njia 105. Ikiviunganisha kupitia kitovu kimoja, inahitaji 14. Panga boi la Air Tanzania lina viti 76. Ni nadra watu 76 kutoka Mtwara kuwa na shughuli Kigoma siku moja. Lakini ndege ya Dar es Salaam kwenda Kigoma inaweza kujazwa na mtu aliyetoka Mtwara, mwingine Zanzibar, mwingine Dubai, na wengi waliotoka Kariakoo. Kudai ndege ya moja kwa moja kati ya Mtwara na Kigoma, kwa hiyo, ni kuomba kitu ambacho hata kikitolewa kitakuwa cha mara moja kwa wiki, kisha kitafutwa msimu wa kwanza viti vikibaki wazi.

Na mara moja kwa wiki si jambo dogo kwa msafiri. Wachumi wa usafiri wana namna ya kulipima: kama safari zimetawanywa sawasawa, mtu mwenye haja ya kusafiri wakati wowote husubiri kwa wastani nusu ya muda ulio kati ya safari na safari. Ndege ikiwa ya kila siku, wastani wa kusubiri ni saa 12. Ikiwa ya mara tatu kwa wiki, ni saa 28. Ikiwa ya mara moja kwa wiki, ni siku tatu na nusu. Ndege ya moja kwa moja ya kila wiki, ya saa mbili, humfikisha mtu mwenye dharura baadaye kuliko safari ya kuunganisha ya kila siku yenye kulala njiani. Mwenye msiba anaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Iko jozi nyingine ya viwanja, mbali sana na hapa, inayoonesha jambo hili likiwa limevuliwa nguo zote. Katikati ya Atlantiki ya Kusini kuna kisiwa cha Saint Helena, na kaskazini-magharibi yake kisiwa cha Ascension. Kati ya kiwanja cha kwanza na cha pili ni kilomita 1,302. Inakaribia kulingana kabisa na Mtwara na Kigoma, tena kwa kuelekea upande ule ule wa kaskazini-magharibi na kwa latitudo za jirani. Jeti hutumia kama saa mbili. Safari hiyo ya abiria ilipoanzishwa Novemba 2017, ilipangwa kuwa ya mara moja kwa mwezi. Kwa kanuni ile ya nusu, wastani wa kusubiri ni siku 15. Charles Darwin aliondoka Saint Helena kwa jahazi la Beagle tarehe 14 Julai 1836 akafika Ascension tarehe 19. Siku tano kwa upepo wa tanga. Aliyepata wazo la safari siku moja baada ya ndege ya mwezi kuondoka angeshindwa mbio na Darwin.

Kwa Waswahili, Saint Helena si jina geni kabisa. Waingereza waliitumia kama mahali pa kuwapeleka watu waliotaka wasifikike: Napoleon kuanzia 1815, na baada ya kumteka mwaka 1916, Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyeng'ang'ania kiti cha usultani wa Zanzibar katika vita vya Agosti 1896 vilivyokwisha chini ya saa moja. Alipitishwa uhamishoni Saint Helena na Ushelisheni kabla ya kuruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Waliomchagulia kisiwa hicho walijali jambo moja: meli chache.

Meli ziliendelea kuwa chache. Hadi Februari 2018 wakazi wa kisiwa, ambao ni kama 4,400, walitegemea RMS St Helena, meli iliyochukua siku tano au zaidi kutoka Cape Town. Uingereza ilitumia pauni milioni 285 kuwajengea kiwanja, kwa kujaza bonde zima mawe na udongo ili kupata tambarare ya kutosha. Kiwanja kilipokuwa tayari mwaka 2016, ndege ya majaribio ikakutana na upepo unaobadilika ghafla ukingoni mwa majabali, mahali ambapo njia ya kurukia inaanzia. Ufunguzi wa safari za ratiba uliahirishwa zaidi ya mwaka. Darwin, katika maelezo ya safari yake ile ile, aliandika juu ya upepo mkali wa ajabu kwenye kingo za majabali ya kisiwa hicho. Wahandisi walikuwa na miaka 180 ya onyo. Safari za kawaida kutoka Johannesburg zilianza tarehe 14 Oktoba 2017 kwa Embraer 190 yenye viti 99, ambayo iliruhusiwa kubeba abiria 76 tu ili iwe nyepesi.

Ascension nayo ina kisa chake, na ndicho ninachokipenda zaidi katika mjadala huu. Njia yake ya kurukia ilijengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942 na ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Iliwahi hata kuwekwa akiba kwa ajili ya kutua kwa dharura vyombo vya anga za juu. Kwa miaka mingi ndege kubwa ya jeshi la Uingereza ilitua hapo ikitoka Uingereza kwenda visiwa vya Falkland, na abiria wa kawaida wakapata nafasi. Aprili 2017 lami ikaonekana imechoka, ndege kubwa zikazuiwa. Siku moja kabla, Ascension ilikuwa kilomita karibu 6,800 kutoka Uingereza. Baada ya hapo abiria wa kawaida alilazimika kwenda Johannesburg, arudi baharini hadi Saint Helena, asubiri ndege ya mwezi: zaidi ya kilomita 14,000. Hakuna bara lililosogea. Njia ilikarabatiwa na safari za ndege kubwa zikarejea mwaka 2023, na kisiwa kikarudi mahali pake.

Visiwa hivyo vinatufundisha pia habari ya mafuta. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ndege ibebe mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja mbadala, na ya kuzunguka nusu saa zaidi. Kama uwanja uko peke yake kiasi kwamba hakuna mbadala, ndege ya injini za tabini hutakiwa kufika juu yake ikiwa na mafuta ya saa mbili za ziada, na rubani aamue kama ataendelea au atarudi kabla ya kuvuka mahali ambapo kurudi hakuwezekani tena. Mafuta ni uzito, na uzito huo huondolewa kwenye abiria na mizigo. Ndiyo maana ndege ya Johannesburg hutua Namibia kwanza kujaza matangi, kwa kuwa bado ina zaidi ya kilomita 2,200 za bahari mbele yake.

Kigoma na Mtwara haziko peke yake kwa maana hiyo. Rubani wa Kigoma akikuta mvua imefunga, ana Tabora na Mwanza, na Bujumbura iko kilomita 178 tu. Mtwara iko kwenye mita 113 juu ya bahari, Kigoma zaidi ya 800; joto la mchana na mwinuko huipunguzia ndege nguvu ya kupaa, lakini si kwa kiasi cha kutisha. Upepo wa juu, ambao kwenye nchi za baridi huweza kuongeza au kupunguza saa nzima katika safari ndefu, kwetu ni mpole. Kwa kifupi, maumbile hayana ugomvi na safari hii.

Isipokuwa jua. Saa za ukutani Mtwara na Kigoma ni moja, lakini kati yake kuna nyuzi 10 na nusu za longitudo, ambazo ni dakika 42 za mwendo wa jua. Jua la utosi Mtwara huwa, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 19. Kigoma huwa saa saba na dakika moja. Aliyefunga Ramadhani akala daku Mtwara na kufuturu Kigoma ameongeza takriban dakika 42 kwenye swaumu yake. Kwa warukaji, dakika hizo ni za kazi. Kiwanja kisicho na taa za njia ya kurukia hufungwa jua likizama. Anayeruka kuelekea magharibi hufuata mwanga, anayeruka kuelekea mashariki huukimbilia usiku. Taa za kiwanja huonekana jambo dogo kwenye bajeti, ilhali ndizo zinazoamua kama ndege moja inaweza kufanya safari mbili au tatu kwa siku, na kama ya jioni itakuwepo kabisa. Kama ningepewa fedha za kutumia mara moja kwenye kiwanja cha mkoani, ningeanza na taa kabla ya jengo la abiria la vioo, ingawa najua hakuna kiongozi anayepiga picha mbele ya taa.

Neno la pembezoni nalo linastahili kuulizwa: pembezoni mwa nini? Kutoka kiwanja cha Mtwara hadi cha Hahaya, Moroni, kisiwani Ngazija, ni kilomita kama 362, pungufu kuliko 400 za kwenda Dar es Salaam. Hadi Pemba ya Msumbiji ni kama 297. Lakini mtu wa Mtwara mwenye ndugu Ngazija kwa kawaida hupitia Dar es Salaam, na kutoka hapo ana kilomita 684 nyingine. Safari ya 362 inakuwa ya 1,084, mara tatu. Hapa, tofauti na safari ya Kigoma, mzunguko ni mzigo halisi, na sababu yake ni mpaka: forodha, uhamiaji, mikataba ya haki za kutua. Kigoma vivyo hivyo iko karibu zaidi na Bujumbura, Kigali na miji ya Kongo ya ng'ambo ya ziwa kuliko ilivyo na bandari yoyote ya bahari. Viwanja hivi viwili ni vya pembezoni kwa sababu tunavitazama tukiwa tumesimama Dar es Salaam.

Je, tukisimama Dodoma? Kutoka Mtwara hadi Dodoma ni kilomita 673 hivi, na kutoka Dodoma hadi Kigoma 688. Jumla ni 1,361, yaani kilomita 54 tu zaidi ya mstari ulionyooka. Makao makuu ya nchi yako karibu kabisa na njia fupi kati ya pembe hizi mbili, na watumishi wengi wanaosafiri kutoka Mtwara na Kigoma tayari wana shughuli huko. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato, Dodoma, umekuwa ukizungumzwa kama fahari ya makao makuu. Mimi ningependa uzungumzwe kama mahali ambapo ndege mbili, moja kutoka kusini na moja kutoka magharibi, zinaweza kukutana kwa dakika 40, zikabadilishana abiria, kila moja ikarudi ilikotoka au ikaendelea mbele. Jambo hilo halihitaji viti 76 vya watu wanaokwenda mahali pamoja. Linahitaji mtu wa ratiba.

Hata kabla ya Dodoma, Dar es Salaam yenyewe inaweza kulifanya. Ndege ya Kigoma ikisogezwa hadi baada ya ile ya Mtwara kurejea, na kesho yake utaratibu ukageuzwa kwa wanaotoka magharibi, saa 24 zinaweza kushuka hadi sita au saba bila kununua ndege wala kujenga kitu. Najua ndege moja inahudumia mikoa mingi, na kuisogeza safari moja husukuma nyingine tano. Lakini shirika linalouza tiketi ya Mtwara hadi Kigoma linapaswa angalau kutangaza muda wa safari nzima, pamoja na usiku wa kulala, badala ya kumwachia abiria ajumlishe mwenyewe. Mamlaka zinazosimamia usafiri wa anga ziliombe hilo, halina gharama.

Kwa sasa, ndugu msomaji mwenye safari ya aina hii, acha kuhesabu kilomita. Uliza ndege ya kwanza inatua kitovuni saa ngapi na ya pili inaondoka siku gani. Nunua tiketi moja yenye vipande vyote viwili, kwa kuwa hapo ndege ya kwanza ikichelewa shirika lina wajibu wa kukupatia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, kuchelewa kwa ya kwanza ni hasara yako. Na ikiwa unakwenda kwenye usaili, kesi au harusi, ondoka Mtwara siku moja kabla.